Maneno marefu ya Kiingereza yafundishwe kwa silabi, mkazo na viambishi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili nizungumze na walimu wa Kiingereza wa shule za msingi na za sekondari, pamoja na wazazi wanaowasaidia watoto kazi za shule jioni, kuhusu namna maneno marefu ya lugha hiyo yanavyofundishwa. Katika madarasa mengi niliyoyafahamu kwa miaka yangu ya ualimu, neno refu huandikwa ubaoni, mwalimu hulisoma mara moja, kisha darasa zima huimba herufi zake moja baada ya nyingine mpaka zikae kichwani, na mwisho watoto hunakili neno na maana yake kwenye daftari. Wiki inayofuata hufanyika imla. Mtoto akipata herufi zote, anahesabiwa kuwa analijua neno. Mimi nasema bado hajalijua, na nawaomba wasomaji wanivumilie nieleze kwa nini, nikianza na neno moja.

Neno lenyewe ni “antidisestablishmentarianism”. Nimelichagua kwa sababu wanafunzi wanalipenda. Katika mashindano ya tahajia ya shuleni hakosekani mtoto wa kujitokeza kulitaja herufi kwa herufi, zote 28, na ukumbi mzima ukampigia makofi. Makofi hayo anayastahili, maana kukumbuka herufi 28 kwa mpangilio wake si kazi ndogo. Lakini ukimwuliza neno hilo linasema nini, au sauti inapanda wapi linapotamkwa, hana jibu, kwa sababu hakuna aliyemfundisha. Kipaji kikubwa cha kukumbuka kimetumika kubeba mzigo uliofungwa.

Neno hili lina silabi 12 na vipande vya maana sita: anti-, dis-, establish, -ment, -arian na -ism. Herufi 28 ni nyingi kwa akili ya mtoto. Vipande sita si vingi, hasa ikiwa atakutana navyo tena na tena katika maneno mengine. Katikati limekaa shina “establish”, yaani kuanzisha jambo au kuliweka rasmi likasimama imara. Asili yake ni Kilatini, ambako “stabilis” ni kitu kilicho imara, likapitia Kifaransa cha kale kabla ya kuingia Kiingereza. Ongeza -ment mwishoni, na kitenzi kinakuwa nomino, kama “govern” inavyozaa “government”. Weka dis- mbele. Hapa mwalimu asiharakishe kusema kwamba dis- ni ukanushi tu, kwa maana katika neno hili inafanya kazi ya ile kauli ambayo sarufi yetu inaiita ya kutendua: funga na fungua, kunja na kunjua, tega na tegua. Kilichokwisha kuwekwa rasmi kinaondolewa. Kisha -arian humtaja mtu mwenye kushika msimamo fulani, kama “vegetarian” asiyekula nyama. Anti- huleta upinzani, kama katika “antivirus” ambayo kila mwenye kompyuta ameisikia. Na -ism hugeuza yote kuwa itikadi, kazi ambayo kwetu hufanywa na ile u- ya ujamaa, ubepari na ukabaila.

Vipande peke yake havitoshi bila historia. Kanisa Anglikana la England limekuwa kanisa la dola tangu Mfalme Henry VIII alipojitenga na Roma na sheria ya Bunge ya mwaka 1534 ikamtambua yeye kuwa mkuu wake, na mpaka leo maaskofu wake 26 wana viti katika baraza la juu la Bunge. Hali hiyo ya kanisa kuwekwa rasmi na dola ndiyo inayoitwa “establishment” ndani ya neno letu. Katika karne ya 19 kulikuwa na ubishi mkali juu ya Ireland, ambako wananchi wengi walikuwa Wakatoliki lakini kanisa la dola lilikuwa la Kianglikana. Serikali ya William Gladstone ilipitisha mwaka 1869 sheria ya kuliondolea kanisa hilo hadhi yake, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1871. Wales ilifuata: sheria yake ilipitishwa mwaka 1914, ila Vita Kuu ya Kwanza vikaichelewesha hadi mwaka 1920. Wale waliotaka hadhi hiyo iondolewe, katika nchi hizo na katika England yenyewe, walikuwa na wapinzani wao, na msimamo wa wapinzani hao ndio unaobebwa na neno hili. Kwa hiyo mwenye msimamo huo ni mtetezi wa kanisa la dola. Mtu anayeona anti- mwanzoni na “establishment” katikati, akairuka dis- iliyo kati yake, atapata maana iliyo kinyume kabisa, na bado imla yake itakuwa sahihi kwa herufi zote.

Silabi ni hesabu nyingine, na mara nyingi huchanganywa na vipande vya maana. Likikatwa kwa silabi, neno linasomeka an-ti-dis-es-tab-lish-men-tar-i-an-is-m. Tazama kilichotokea kwenye mpaka wa -ment na -arian: t iliyokuwa ya -ment imehamia silabi inayofuata, nasi tunasema men-tar. Hili lisimshangaze mtoto anayesema Kiswahili. Katika “anapika” vipande vya maana ni a-na-pik-a, lakini hakuna anayetamka hivyo. Sote tunatamka a-na-pi-ka. Tena silabi ya mwisho ya neno hili la Kiingereza imesimama kwenye m bila vokali iliyoandikwa. Wengine huona ni ajabu, wakaongeza vokali nzima hapo ili wapate pa kushika, na neno likaishia “izimu”. Haja hiyo haipo, kwa sababu m ya “mtu” na ya “mti” ni silabi inayosimama yenyewe, na mtoto ameitamka tangu ajue kusema. Kwetu imekaa mwanzo wa neno, kwao imekaa mwisho.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu wanafunzi wetu huingia darasani wakiwa tayari na ujuzi mkubwa wa kuchambua maneno. Mtoto anayesikia “hawatatusomeshea” na kujua papo hapo kwamba kuna watu, kwamba hawatafanya, kwamba ni wakati ujao, na kwamba sisi ndio tuliotarajia kufanyiwa, amekwisha kuchambua vipande vinane kwa pumzi moja: ha-wa-ta-tu-som-esh-e-a. Ujuzi huo hautajwi hata mara moja katika kipindi cha Kiingereza, na inaniuma kuona mtoto akiambiwa kwamba anaanza kutoka sifuri.

Mkazo, ambao wengine huuita shadda, ndio unaosahaulika kuliko yote. Kiswahili kinaturahisishia kazi: mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno yanayokiuka, kama ile “barabara” yenye maana ya sawasawa, ni machache. Kiingereza hakina mahali pamoja pa kudumu, na hapo ndipo wanafunzi wetu, wakifuata sikio la nyumbani, wanapousogeza mkazo kule ulikozoeleka. Nitaandika silabi yenye mkazo kwa herufi kubwa ili nieleweke. Tunasikia inDUStry badala ya INdustry, caLENdar badala ya CALendar, inTERview badala ya INterview. Neno letu refu nalo likisomwa kwa kanuni ya Kiswahili, uzito wote unaangukia “is”, silabi ya 11. Mahali pake halisi ni “tar”, silabi ya 8, huku “an”, “dis” na “tab” zikipata mkazo mdogo wa kuusindikiza.

Kwa nini “tar”? Hapa nawaomba walimu watulie, kwa maana jibu la swali hili litawafaa katika mamia ya maneno. Viambishi tamati vya Kiingereza vina tabia mbili. Viko vinavyojishikiza kwenye neno bila kuugusa mkazo wake, kama -ment, -ness, -ful, -less na -ism: esTABlish ikawa esTABlishment na mkazo haukutikisika, CAPital ikawa CAPitalism vilevile. Viko vingine vinavyouhamisha mkazo na kuuweka vinapotaka vyenyewe. Kiambishi -arian huuvuta juu yake, kama katika vegeTARian na humaniTARian, na hiyo ndiyo sababu ya “tar” yetu. Kiambishi -tion huuweka kwenye silabi inayokitangulia: eduCAtion, coloniZAtion. Vivyo hivyo -ic: eCONomy huwa ecoNOMic na SCIence huwa scienTIFic, ingawa ARabic, POLitics na somo la hesabu, aRITHmetic, hayafuati mkumbo huo na ni lazima yakaririwe. Kiambishi -ity nacho hakibahatishi: NAtional na natioNALity, eLECtric na elecTRICity, resPONsible na responsiBILity.

Kundi lenye asili ya Kigiriki linastahili kipindi chake peke yake. BiOLogy, geOGraphy, deMOCracy, therMOMeter: yote yana mkazo kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho. Sisi tulipoyakopa baadhi ya maneno hayo tuliyaingiza katika kanuni yetu tukapata baioloJIa, jiograFIa na demokraSIa, na ni haki yetu kabisa kufanya hivyo. Ila mwanafunzi aambiwe waziwazi kwamba akivuka kwenda upande wa pili mkazo haumfuati. Aambiwe pia kwamba CENtimetre na MILlimetre, ambavyo ni vipimo wala si vyombo vya kupimia, havimo katika kundi la therMOMeter na baROMeter.

Mkazo unapohama, vokali nazo hubadilika. Linganisha PHOtograph, phoTOGrapher na photoGRAPHic. Katika neno la kwanza “pho” inasikika vizuri. Katika la pili imefifia na kuwa kijisauti ambacho si a, si e, wala si o. Kiswahili huipa kila vokali haki yake popote ilipo, ndiyo maana mwanafunzi anayesikiliza taarifa ya habari ya Kiingereza redioni hudhani kwamba watangazaji wanameza maneno. Hawayamezi, wanafifisha zile silabi zisizo na mkazo, na asiyejua mkazo uko wapi hawezi kuwafuata. Jambo hilihili linasaidia hata ile imla inayothaminiwa sana. Vokali iliyofifia haisikiki vizuri, kwa hiyo mtoto hajui aandike herufi gani. Lakini ndugu wa neno hilo humwonyesha. Katika eCONomy ile o inayofuata mkazo haisikiki, lakini katika ecoNOMic inasikika wazi. Herufi a ya mwisho ya NAtional imefifia, lakini natioNALity inaitoa hadharani. Hata g ya “sign”, inayowasumbua watoto kwa sababu haitamkwi kabisa, inasikika mtu akisema “signal”. Hivyo mtoto anayejua ukoo wa neno huandika kwa kuelewa, naye hasahau upesi kama yule aliyeimba herufi.

Faida kubwa ya haya yote iko Kidato cha Kwanza. Mtoto aliyetoka shule ya msingi ya serikali amefundishwa sayansi kwa Kiswahili, kisha anaingia sekondari na kukutana na karibu masomo yote kwa Kiingereza. Siingii katika mjadala wa lugha ya kufundishia, ingawa nina msimamo wangu juu yake. Nazungumzia mtoto aliyeketi darasani leo, mwenye kitabu cha baiolojia mbele yake. Anakutana na “photosynthesis” na kuogopa, ilhali jambo lenyewe alikwisha kulisoma kwa jina la usanisinuru. Usanisinuru ni usanisi na nuru. “Photo” ni nuru na “synthesis” ni usanisi, vyote viwili vikiwa vimetoka katika Kigiriki. Mwalimu anahitaji dakika mbili tu kuviweka vipande hivyo sambamba ubaoni, kulikata neno kuwa pho-to-SYN-the-sis, na kuwakumbusha watoto kwamba “photograph” ni picha inayoandikwa kwa nuru. Vivyo hivyo kipimajoto na therMOMeter, ambamo “thermo” ni joto. Neno geni linageuka kuwa jina la pili la kitu anachokijua.

Nje ya shule mambo haya yana uzito zaidi. Kiambishi -osis katika lugha ya matibabu hutaja hali ya ugonjwa, na mkazo wake hukaa kwenye o: tubercuLOsis, siliCOsis. Wapenzi wa maneno marefu wanalo jingine la herufi 45, “pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis”, lililobuniwa Marekani mwaka 1935 kwa makusudi ya kuwa refu. Likichambuliwa halina siri: mapafu, kupita kiasi, kitu kisichoonekana ila kwa hadubini, madini ya silika, volkano, vumbi, na -osis mwishoni. Neno hilo ni la mchezo, lakini siliCOsis ni ugonjwa wa kweli unaowapata wachimbaji wanaovuta vumbi la mawe, wakiwemo wa migodi ya tanzanaiti ya Mirerani. Binti wa mchimbaji aliyefundishwa vipande hivi ataisoma karatasi ya hospitali ya baba yake na kupata fununu ya kilichoandikwa, kisha atajua amwulize nini daktari. Binti aliyefundishwa kuimba herufi ataweza kuinakili tu.

Najua nitajibiwa kwamba muda hautoshi na madarasa yamejaa. Kuimba herufi nako kunakula muda, na matunda yake hayavuki neno lile moja, wakati anayeijua -ity ameshika mkazo wa maneno mengi ambayo hata hajakutana nayo. Jibu la pili ninalolitarajia ni kwamba kusisitiza mkazo ni kuwataka watoto wetu waige Waingereza. Ningekuwa wa kwanza kulipinga jambo hilo. Hata wenye lugha yao hawakubaliani: Uingereza wanasema laBORatory na adVERtisement, Marekani wanasema LABoratory na adverTISEment, na wote wanaelewana. Mtoto wa Tarime abaki na lafudhi ya Tarime na wa Mbinga abaki na ya Mbinga. Lafudhi ni ya msemaji, lakini mkazo ni sehemu ya neno lenyewe, ndiyo maana REcord ni kumbukumbu na reCORD ni kuweka kumbukumbu, na ndiyo maana nasi tunazitenga barabara zetu mbili kwa sauti bila kubadili herufi hata moja.

Kwa hiyo nina maombi. Waandaaji wa vitabu vya kiada, wanapoweka orodha ya msamiati mwishoni mwa sura, wayakate maneno marefu kwa silabi na waonyeshe mkazo kwa herufi kubwa; hakuna alama ngeni ya kununua wala ukurasa wa kuongeza. Wanaoandaa mashindano ya tahajia watenge alama kwa mtoto anayeweza kulitamka neno kwa mkazo wake na kuvieleza vipande vyake, hata kama amekosea herufi moja. Wakuu wa shule wawaruhusu walimu wa Kiingereza na wa sayansi wakae pamoja mwanzoni mwa muhula na kuchagua maneno ambayo Kidato cha Kwanza kitakutana nayo, ili mtoto asifundishwe neno moja kwa matamshi mawili katika siku moja. Na wewe, Ndugu Mhariri, ukurasa wa wanafunzi wa gazeti lako hutoa msamiati wa Kiingereza pamoja na maana zake. Naomba uongezwe safu mbili, moja ya silabi na mkazo, nyingine ya vipande vya maana. Niko tayari kuandaa orodha za muhula mzima bila malipo, nikianza na maneno ya baiolojia ya Kidato cha Kwanza, na kuzifikisha ofisini kwako kwa tarehe utakayoipanga.

Wako katika elimu,
Mwalimu mstaafu wa Kiingereza,
Morogoro